Nishani Husomwa Pande Mbili

Kitu kidogo chaweza kubeba neno kubwa. Wafalme walilijua jambo hili tangu zamani, na ndiyo sababu wakatia sura zao katika vipande vya madini ambavyo mtu aweza kuvifumba kiganjani. Jumba la mfalme halisafiri, na sanamu yake ya jiwe husimama mahali pamoja mpaka ianguke. Lakini nishani hupita kutoka mkono hata mkono, huvuka bahari ndani ya mfuko wa msafiri, na huendelea kusema maneno yale yale hata baada ya mfalme mwenyewe kuzikwa na kusahauliwa.

Nataka kukuonyesha, msomaji mwema, namna ya kusoma maneno hayo. Umefundishwa kusoma vitabu, ramani na majedwali ya hesabu, lakini huenda hakuna aliyekufundisha kusoma nishani. Kanuni yake ni fupi. Upande mmoja una sura, nao hukuambia ni nani anayetawala. Upande wa pili una ishara, yaani mnyama, mti, chombo au mtu wa kubuniwa, nao hukuambia lile ambalo mtawala anataka liaminiwe juu yake. Sura ni habari. Ishara ni dai. Na kila dai, kama wajuavyo wote waliopata kuhudhuria baraza la chifu, lahitaji ushahidi.

Mimi ni mtu wa Muhoroni, katika bonde la mto Nyando, mahali ambapo miwa hufunika ardhi na milima ya Nandi husimama upande wa kaskazini kama ukuta. Hapa si mahali ambapo ungetazamia kusikia habari za nishani za wafalme wa Ulaya. Hata hivyo nishani hizo zilifika kwetu, na moja ilikaa miaka mingi ndani ya kopo la majani ya chai nyumbani mwa babu yangu. Kabla sijakusimulia habari za kopo lile, yafaa twende kwanza mahali ambapo sanaa hii ilizaliwa.

Mwaka 1438 John VIII Palaiologos, Kaisari wa Constantinople, alifika Italia kuomba msaada. Waturuki walikuwa wamekwisha kutwaa karibu nchi zake zote, na dola iliyotawala bahari na mataifa ilikuwa imebaki kama mji mmoja na mabaki machache. Huko Italia alionwa na mchoraji aitwaye Pisanello, naye akamtengenezea kipande cha shaba cha mviringo. Upande wa mbele aliweka uso wa kaisari unaotazama kando, na kofia yake ndefu yenye ncha. Upande wa nyuma alimwonyesha kaisari juu ya farasi, amesimama mbele ya msalaba ulio njiani, mikono yake imekutana kwa sala. Aghalabu wataalamu huihesabu kazi hii kuwa nishani ya kwanza ya sura katika zama za Renaisansi, yaani zama ambazo watu wa Italia walizirudia elimu na sanaa za Warumi na Wayunani wa kale.

Tazama ustadi wake. Kaisari alikwenda Italia akiwaomba wanadamu. Nishani yamwonyesha akimwomba Mungu. Unyonge wake umegeuzwa kuwa ibada. Mwenyewe alikufa mwaka 1448, na mwaka 1453 mji wake ukatekwa. Nishani haina habari. Mpaka leo kaisari yule yuko juu ya farasi wake, na sala yake haijajibiwa wala kukataliwa.

Mwaka 1444 Pisanello huyo huyo alifanya nishani ya arusi ya Leonello d'Este, mtawala wa Ferrara, aliyemwoa Maria, binti wa Mfalme Alfonso wa Aragon. Jina Leonello lina maana ya simba mdogo. Basi upande wa nyuma fundi aliweka simba amesimama mbele ya mtoto mwenye mabawa, ambaye ndiye Mapenzi, naye mtoto amemshikia simba karatasi ya muziki ili amfundishe kuimba. Aliyekielewa kitendawili hiki alicheka na kusema kwamba bwana arusi ni mwenye nguvu, lakini amekubali kuwa mwanafunzi wa mapenzi. Asiyekielewa alimwona simba tu, na hilo nalo lilitosha.

Desturi hiyo ilienea upesi. Wafalme wa Ufaransa waliichukua. Francis, ambaye alikuja kuwa mfalme mwaka 1515, alitiwa katika nishani mwaka 1504 alipokuwa mtoto wa miaka kama 10, na nyuma yake akawekwa salamanda, yule mnyama mfano wa mjusi ambaye watu wa kale waliamini kwamba aweza kuishi motoni. Maneno yaliyoandikwa pale yalidai kwamba moto huo hulisha wema na kuzima uovu. Mtoto yule alikuwa hajalisha wala kuzima kitu, lakini dai lake lilikwisha kutangulia mbele.

Huenda ukauliza: kwa nini watawala hawakuandika tu maneno ya sifa zao wazi wazi? Nadhani jibu ni hili. Neno lililosemwa wazi laweza kubishiwa. Mtu akisema, "Mimi ni shujaa," jirani yake atamwuliza, "Ulimshinda nani?" Lakini akiweka simba, hapana wa kubishana na simba. Ishara huingia moyoni bila kupiga hodi, na ikisha kuingia hukaa kama mwenyeji. Ndiyo sababu nasema yatupasa kuisimamisha mlangoni na kuihoji.

Tuihoji mojawapo. Mwaka 1588 merikebu za Hispania zilikwenda kuishambulia Uingereza, zikashindwa kwa vita na kwa dhoruba. Karibu na mwaka 1589 ilitengenezwa nishani ya Malkia Elizabeth I. Mbele malkia anakutazama uso kwa uso, amevaa taji na vito. Nyuma kuna kisiwa, na juu ya kisiwa umeota mti mmoja wa mlorea, ambao watu wa kale waliuamini kuwa haupigwi na radi. Maneno ya Kilatini yaliyo pale yana maana kwamba hata hatari zenyewe haziugusi. Mti ni malkia. Kisiwa ni nchi yake. Radi ni adui. Kazi nzuri, na haina budi kusifiwa.

Lakini hatari ziliwagusa watu. Katika majuma yaliyofuata ushindi ule, mabaharia wengi wa Kiingereza walikufa kwa maradhi katika merikebu zao na katika bandari zao wenyewe, na wengi walikufa kabla ya kulipwa ujira wao. Mti ulikuwa mzima. Majani yake yalipukutika, na hayakuhesabiwa na nishani. Wahenga walisema, "Usione vyaelea, vimeundwa." Nami nathubutu kuongeza kwamba waundaji wa vieleavyo ndio mara nyingi wasioonekana.

Usifikiri, msomaji, kwamba watawala wa pwani yetu hawakuujua ufundi huu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba karne nyingi kabla ya Wareno kufika. Kwa kuwa walifuata desturi ya Kiislamu, hawakuweka sura ya mtu, bali waliweka maneno. Upande mmoja ulimtaja Mungu, upande wa pili ukalitaja jina la sultani, na maneno ya pande mbili yalitungwa ili yapatane kwa vina kama mishororo ya shairi. Fikiri werevu wa jambo hilo. Sikio likisha kusikia jina la Mola na jina la sultani yakipatana kwa sauti, moyo nao huanza kuamini kwamba yapatana kwa cheo. Na sarafu hizo zilisafiri mbali: mwaka 1944 chache zilipatikana katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia.

Kule Unguja, Sayyid Barghash alitoa pesa za shaba zenye tarehe ya Kiislamu ya 1299, yaani kama mwaka 1882. Upande mmoja una jina lake na dua, na upande wa pili umechorwa mizani. Kila mwuza samaki aliielewa ishara hiyo: hapa pana haki na kipimo cha kweli. Lilikuwa dai jema. Lakini lihoji. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe ulibaki halali kisiwani humo mpaka mwaka 1897. Mtumwa aliyetumwa sokoni alishika mizani ile kiganjani, naye hakupimwa nayo.

Kutoka pwani dola mpya ilipanda bara kwa njia ya reli, na hapa ndipo habari hizi zinapofika kwetu. Reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani, mahali ambapo leo ni mji wa Kisumu, mwezi wa Desemba 1901, nayo ilipita Muhoroni. Ilipita chini ya milima ya Wanandi, ambao walikuwa wamepigana na Waingereza tangu mwaka 1895. Wanandi walikata nyaya za simu zilizofuata njia ile, na wakazifanya mapambo ya mwili. Serikali iliuona waya kuwa sauti yake. Wanandi waliuona kuwa madini mazuri ya shingo na mikono. Huenda hapakuwa na mahali pengine ambapo madini yale yale yalisomwa kwa namna mbili zilizo mbali hivyo.

Mwisho wake wajulikana. Tarehe 19 Oktoba 1905 kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, aliuawa mahali alipokwenda kukutana na maafisa wa Kiingereza kwa mazungumzo, na jeshi likaingia milimani. Baada ya vita askari wa serikali walipewa nishani ya Afrika pamoja na kipande cha juu kilichoandikwa neno Nandi na miaka 1905 na 06. Mbele yake kuna sura ya Mfalme Edward VII. Nyuma amesimama mwanamke ambaye ndiye mfano wa Uingereza, simba yu pamoja naye, na mkono wake ameunyosha kuelekea jua linalochomoza, akishika tawi la amani na hati. Sina haja ya kuongeza maneno. Weka tarehe ya 19 Oktoba kando ya tawi lile, kisha usome mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye kopo la majani ya chai. Babu yangu aliingia katika jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akapelekwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Mwaka 1944, wakati wa mvua kubwa za nchi ile, divisheni hiyo ilishuka bonde la Kabaw katika matope na malaria, na mwanzo wa Desemba ikaushika mji wa Kalewa na kufungua njia ya kuvuka mto Chindwin. Babu hakupenda kusimulia mapigano. Alisimulia matope, ruba walioingia ndani ya viatu, na nyumbu waliokufa wakiwa wamesimama. Alama ya divisheni yao ilikuwa kichwa cha kifaru, nayo aliipenda, kwa kuwa, alisema, kifaru alikuwa mnyama wa kwetu na hakuletwa na mtu.

Nishani iliyokuwa katika kopo ilikuwa ile ya Vita vya 1939 hadi 1945, iliyotolewa kwa askari wote wa himaya ile waliotumikia siku 28 au zaidi. Ni ya madini ya shaba na nikeli, nayo hung'aa kama fedha. Mbele kuna sura ya Mfalme George VI akiwa na taji, na maneno ya Kilatini yanayomwita mfalme wa Waingereza wote na Kaisari wa India. India ilipata uhuru mwezi wa Agosti 1947, na mwaka 1948 mfalme alikiacha cheo hicho. Lakini nishani iliendelea kumwita hivyo katika kila nyumba ilimoingia. Nyuma, kazi ya mchongaji Edward Carter Preston, simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili, kimoja cha tai na kimoja cha joka, yaani maadui wa Ulaya na maadui wa Asia. Simba amesimama peke yake. Hapana nyumbu, hapana ruba, hapana mtu wa Nyando.

Miaka kadhaa baada ya babu kufariki alipita mtu mnunuzi wa vitu vya zamani. Baba yangu mdogo alikuwa na binti aliyekwisha kuchaguliwa kuingia shule ya sekondari, na karo ilikuwa haijapatikana. Aliona kwamba nishani isiyovaliwa na mtu haina kazi koponi, na binti aliye hai ana haki kuliko kipande cha madini. Baba yangu alisema kitu cha marehemu hakiuzwi. Maneno yakawa mengi, mpaka nyanya yetu, ambaye kwa lugha ya kwetu humwita Dani, akaniita mimi, kwa kuwa ndimi niliyesoma, akanipa nishani mkononi.

"Soma," akasema.

Nikamsomea jina la mfalme na vyeo vyake. Nikaigeuza, nikamweleza simba na joka lile. Dani alisikiliza mpaka mwisho.

"Na jina la mwenyewe li wapi?"

Nikatazama ukingo kote. "Dani, halimo."

"Mfalme ana jina. Nyoka ana vichwa viwili. Na aliyelala matopeni hana hata herufi moja?"

Hakungoja jibu. Aliagiza nishani ipelekwe kwa fundi wa vyuma karibu na stesheni, ambaye alikuwa na herufi za chuma za kugongea, ili jina la mumewe ligongwe ukingoni. Baba mdogo alimsihi sana. Alimwambia kwa heshima kwamba nishani iliyogongwa na fundi wa mtaani hainunuliwi na wakusanyaji, na kwamba kila herufi itakuwa sawa na kutoboa mfuko. Dani alimjibu, "Basi haitauzwa, na ninyi wawili hamtagombana tena." Herufi ziligongwa siku ile ile, zikapinda kidogo, na mnunuzi aliporudi aliitazama, akairudisha juu ya meza bila kutaja bei.

Karo ya binti ililipwa kwa kuuza ndama jike ambaye angalikuwa ng'ombe wa maziwa wa Dani katika uzee wake. Alikunywa chai ya rangi miaka mingi, wala hakulalamika. Sikuambii kwamba Dani alikuwa na haki na baba mdogo alikosa. Binti alikuwa hai, na karo ilikuwa ya kweli. Pima mwenyewe. Mimi nimepima miaka mingi, na mizani yangu haijatulia. Najua neno moja tu kwa yakini: siku ile mwanamke asiyejua kusoma aliisoma nishani kuliko sisi sote. Baadaye nilijifunza kwamba nishani za vita ile zilizotolewa na Uingereza hazikutiwa majina ya askari, hali zile za Afrika Kusini na Australia zilitiwa. Kumbe swali la Dani lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa katika uamuzi wa watu, wala si katika ugumu wa madini.

Labda utasema kwamba haya ni mambo ya wafalme, na sisi hatuna mfalme. Basi tazama fedha zetu wenyewe. Shilingi ya Afrika Mashariki, ambayo ya kwanza ina tarehe ya 1921, ilikuwa na sura ya Mfalme George V upande mmoja, na simba mbele ya milima upande wa pili. Simba yule ni wa nchi gani? Mwingereza aliweza kumwona kuwa simba wa Uingereza. Sisi tuliweza kumwona kuwa simba wa nyika zetu. Ishara njema kwa mtawala ni ile ambayo mtawaliwa naye aweza kuipenda.

Uhuru ulipokuja, uso ulibadilika, desturi ikabaki. Sarafu za Kenya zenye tarehe ya 1966 zilikuwa na sura ya Mzee Jomo Kenyatta, na nyuma yake ngao ya taifa na simba wawili wenye mikuki. Kuanzia 1980 zikaja za Rais Daniel arap Moi. Katika ngao ile yumo jogoo ameshika shoka. Twaambiwa kwamba jogoo hutangaza mapambazuko ya maisha mapya. Lakini jogoo alikuwa pia alama ya chama cha KANU, kilichotawala mpaka mwaka 2002. Mtu mmoja akitazama ngao huona alfajiri ya taifa, na mwenzake huona chama, na wote wawili wana macho.

Kisha wananchi walifanya jambo ambalo mataifa machache yamelifanya. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010, katika kifungu cha 231, ilisema kwamba noti na sarafu zaweza kuwa na picha za mambo yanayoihusu Kenya, lakini zisiwe na sura ya mtu yeyote. Desemba 2018 zikatolewa sarafu mpya: twiga kwa shilingi 1, kifaru kwa 5, simba kwa 10, na ndovu kwa 20. Noti mpya zilipotoka mwaka 2019 zilionyesha jumba la mikutano la KICC, na mbele ya jumba pana sanamu ya Mzee Kenyatta ameketi. Watu walikwenda mahakamani kusema kwamba hiyo ni sura ya mtu. Mahakama Kuu iliyakataa madai yao mwaka huo huo. Wengine waliwacheka waliokwenda kushtaki, mimi niliwaheshimu. Walikuwa wakisoma.

Je, sura ikiondolewa, dai nalo huondoka? Hasha. Mnyama naye hudai. Chukua shilingi 5 uitazame. Kifaru amesimama imara, kana kwamba wanawe wamejaa kila bonde. Karibu na mwaka 1970 Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Mwisho wa miaka ya 1980 walikuwa hawafiki 400, kwa sababu ya ujangili. Tangu hapo hifadhi zimewalinda, na idadi yao imeongezeka. Hata Ruma, ng'ambo ya ghuba yetu ya Winam, wamerudishwa. Basi sarafu ile yaweza kusomwa kama majivuno, au kama deni ambalo taifa limejiandikia lenyewe. Mimi naisoma kama deni, kwa sababu deni hulipwa.

Kwa hiyo nakuachia maswali matatu, nawe yatumie kila uonapo ishara ya mwenye mamlaka, iwe katika sarafu, nishani, bendera au bango la mgombea wa uchaguzi. La kwanza: ni nani aliyeiagiza? La pili: inataka niamini nini, na ushahidi wa jambo hilo u wapi? La tatu: ni nani aliyefanya kazi, naye hayumo? Maswali haya hayahitaji ukali. Waweza kuyauliza kwa adabu na bado ukaipenda nchi yako na kuisimamia bendera yake. Mtu asomaye barua ya rafiki yake kwa makini hamdharau rafiki.

Na kama katika nyumba yenu, au kwa jirani, imo nishani ya zamani ndani ya sanduku au kitambaa, iombe kwa heshima uitazame. Soma sura, kisha igeuze usome ishara, kisha pitisha kidole ukingoni utafute jina. Askari wa vita ile waliobaki hai ni wachache mno. Likiwa jina halipo, mtafute aliyemjua mwenyewe, umwulize alikuwa nani, alikwenda wapi, na alirudi na nini. Chukua kalamu uandike majibu yake kabla hajachoka.